Palipokwaruzwa

Baba alikuwa na vigari kumi na vinne vya kugongana,
kumi na kimoja vilivyotembea.
Kila Agosti tulivipakia kwenye lori, tukavipeleka Vilarelle,
kwenye sikukuu ya mtakatifu wa pale. Jina lake sikulishika.
Ibada yangu ilikuwa kibandani,
kuuza tokeni na kubadilisha diski.

Peseta ilikuwa imekufa majira ya baridi ya mwaka ule.
Bibi vizee walileta euro kama walioshika yai,
wakauliza: hii inampandisha mjukuu mara ngapi?
Mara moja, nikajibu.
Wakanitazama kama mwizi.

Kubadilisha diski, nasema, lakini diski ilikuwa moja.
Kaka yangu Brais aliinunua kwa jirani mwenye kompyuta:
nyimbo kumi na nane, zimeandikwa juu kwa wino mzito,
majina karibu yote yamekosewa.
Ngoma za mashine, dum, dum, dum, dum,
mapigo manne yasiyochoka wala kuuliza nani kachoka,
na mwanamke akiimba Kiingereza
kana kwamba yumo ndani ya birika.
Hatukumwelewa. Tuliimba naye hivyo hivyo,
maneno tukayafinyanga wenyewe.
Mpaka leo naapa alikuwa akiomba kitunguu.

Juu, wavu wa umeme ulimwaga cheche.
Harufu ya pweza kwenye masufuria ya shaba,
moshi wa jenereta, manukato ya vijana wa Lugo
waliojimiminia chupa nzima ili wagongwe na wasichana.
Brais aliruka kutoka kigari hadi kigari, mkono mmoja nguzoni,
akikusanya tokeni bila kutazama chini,
kiatu kikijua pa kutua kuliko mwenyewe.

Wimbo wa saba ulikuwa na kovu.
Baba aliweka funguo juu ya diski, basi,
na kila ulipofika pale mwanamke anapovuta pumzi,
pale ngoma inaponyamaza ili irudi na kishindo,
tk-tk,
tukajikuta katikati ya kiitikio
kama mtu aliyekosa ngazi gizani.

Usiku wa kwanza watu walizomea.
Wa pili walicheka.
Wa tatu kijiji kizima kilikuwa kimeshajua:
tk-tk, na mabega yote yakaruka,
hata ya padre, aliyesimama kando na kijiti chake cha pweza,
hata ya Iria wa duka la dawa, ambaye Brais
alimgonga mara tisa
na asimwambie hata neno moja.

Vigari tuliviuza kwa kilo, bei ya chuma chakavu.
Baba yuko kaburini, kipaza sauti chake kiko chini ya kitanda changu.
Brais anaendesha lori la maziwa huko Uswisi.

Jumanne, dukani, mjini Vigo, nachagua dengu,
wimbo wa saba ukashuka kutoka darini,
msafi, umeoshwa, umepigwa pasi.
Nikampigia. Sikusema kitu, nikainua simu juu.
Nikamsikia akiufuata kwa pua, injini ikimuunga mkono,
na tulipokaribia pale,
tk-tk, akafanya kwa ulimi,
tukaruka, mimi mbele ya dengu,
yeye mahali fulani kwenye barabara ya kwenda Berne.

Wimbo haukuruka.
Kwanza ukimya, mrefu.
Kisha ubeti mzima ambao hatujawahi kuusikia,
nusu dakika ambayo mwanamke yule
alikuwa nayo miaka yote hiyo, bila sisi.

"Wameutia maji," Brais akasema.

Mtu mwenye kikapu akaniomba nimpishe.
Sikukata simu, naye hakukata.
Tulikuwa tumeshafika kwenye kiitikio, sisi wawili,
tukawa tunausubiri.